Usiiachie Simu Ikuamulie Sura za Watu



Wadogo zangu wa Nachingwea na Ruangwa, najua msimu wa korosho hamkai. Mnada wa korosho ukishafanyika na hela za wakulima zikishaingia, kila mwisho wa wiki kuna harusi, kuna ngoma, kuna mwali anatoka, na wewe unayejulikana mtaani kwamba simu yako inatoa picha nzuri ndiye unayeitwa. Unaenda, unapiga, watu wanafurahi. Usiku unazifungua picha moja moja na moyo unakushuka. Kanzu ya bwana harusi imeungua, haionyeshi hata mkunjo mmoja. Bibi harusi kapauka, uso wa kijivu, na ngozi imelainishwa mpaka lile kovu dogo la utotoni, ambalo mtaa mzima unamjua nalo, limefutika. Mama yake akiiona anauliza, "Sasa huyu ndiye mwanangu?"

Wengi mnaoniletea kilio hiki mnataka niwatajie simu ya kukopa. Subirini kwanza na hayo madeni. Kuna jambo la kujaribu na hiyo hiyo simu iliyo mkononi mwako, na mara nyingi gharama yake ni bando la kupakua programu tu: kupiga picha za RAW.

Nianze na kinachotokea ukibonyeza. Ndani ya kamera kuna kitambuzi, kibapa kidogo chenye mamilioni ya vitone vya kupokea mwanga. Kila kitone kimefunikwa na kichujio cha rangi moja tu. Nusu ya vitone ni vya kijani, robo vyekundu, robo vya bluu. Mpangilio huo aliubuni Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, hataza yake ikatoka mwaka 1976, na kamera nyingi za leo bado zinasimama juu yake. Ukibonyeza, simu inakusanya vipimo vya vitone vyote, kisha yenyewe inakadiria rangi zinazokosekana, inaamua nyeupe ni ipi, inaangaza penye giza, inafuta chembechembe, inanoa kingo, inalainisha ngozi, inabana kila kitu kwenye faili la JPEG na kuvitupa vile vipimo vya mwanzo. Unachokiona kwenye kioo ni uamuzi wa simu. RAW ni vile vipimo vikihifadhiwa kabla uamuzi haujapita.

Sisi watu wa korosho hili halitusumbui kulielewa. JPEG ni korosho iliyokwisha kubanguliwa, kukaangwa na kutiwa chumvi na mtu mwingine, na chumvi ikizidi huna la kufanya. RAW ni korosho ghafi kwenye gunia lako. Hailiki ilivyo, lakini bado wewe ndiye mwenye kuamua.

Kwa hesabu, JPEG ya kawaida ina biti 8 kwa kila rangi, yaani ngazi 256 kutoka giza totoro hadi nyeupe kabisa. RAW ya simu mara nyingi ina biti 10, yaani ngazi 1,024. Ngazi hizo za ziada ndizo zinazokuruhusu kuuinua uso uliokaa kivulini bila rangi kukatika mistari mistari. Na ule uamuzi wa nyeupe ni ipi haujafungwa. Unaubadilisha nyumbani umetulia, na picha haiharibiki.

Ninalishikilia jambo hili kwa sababu ya sura zetu, na historia yake inapita karibu na kwenu. Kwa miongo mingi Kodak walikuwa wakisambaza kwenye maabara za kusafishia picha kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo zikazoeleka kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi mashine imepimwa sawa. Ngozi zetu hazikuwa kwenye kipimo. Watu weusi walikuwa wakitoka kwenye picha meno na macho tu, na miongoni mwa waliolalamika wakasikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi za bidhaa zao zionekane. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990.

Sasa kumbukeni Farm 17, pale pale Nachingwea, kambi ambako wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji walipata mafunzo chini ya Samora Machel. Mwaka 1975 Machel akawa rais wa kwanza wa Msumbiji huru, na miaka michache baadaye serikali yake ikamwalika mtengeneza filamu Jean-Luc Godard aende kusaidia kufikiria televisheni ya nchi mpya. Godard anakumbukwa kwa kuikataa filamu ya Kodak akiwa huko, akisema imebeba ubaguzi wa rangi. Watu waliotoka kwenye vumbi la Nachingwea kwenda kuikomboa nchi yao wakakuta hata filamu ya kuwapigia picha ilipimwa kwa uso wa mtu mwingine. Mimi kila nikiiwaza habari hiyo naona kabisa kwamba kujifunza kuisahihisha picha mwenyewe ni jambo la heshima.

Wahandisi wa siku hizi wamejitahidi. Google, kwa mfano, walikuja na Real Tone kwenye Pixel 6 mwaka 2021 ili ngozi nyeusi itoke kama ilivyo, na wanaotengeneza simu kwa soko letu nao wanaishindania ngozi yetu kwenye matangazo. Hata hivyo simu inakisia tu. Na huko kwenu inakisia katika mazingira magumu. Wilaya zenu ziko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu tarehe 20 Oktoba, na tena karibu tarehe 20 Februari, jua la saa sita linasimama utosini kabisa. Oktoba ndipo korosho zimepamba moto. Uso mweusi, kanzu nyeupe, jua la utosini, macho yamegeuka mashimo: simu inalazimika kuchagua nani aonekane, na kila ikichagua, mmoja anaumia.

Haya, shika simu. Fungua kwanza kamera iliyokuja nayo uangalie kama ina sehemu ya Pro. Ukiikuta, ingia kwenye mipangilio yake utafute neno RAW. Ukiliona, huhitaji programu nyingine. Kama halipo, pakua Open Camera, ni ya bure na haina matangazo. Bonyeza alama ya gia, tafuta mstari wa Camera API, chagua Camera2, kisha ingia kwenye mipangilio ya picha. Kama simu yako inaruhusu, utaona mahali pa kuchagua RAW. Chagua zihifadhiwe zote mbili, RAW na JPEG, ili mteja akitaka kuona papo hapo uwe na cha kumwonyesha. Lightroom ya simu nayo ina kamera yake inayopiga RAW kwenye simu zinazokubali.

Usipoiona RAW popote, usidhani umekosea. Android ilifungua mlango huu kwenye toleo la 5.0 mwaka 2014, iPhone wakaufungua kwa programu za nje kwenye iOS 10 mwaka 2016. Ila upande wa Android, kila mtengenezaji anaamua kama simu yake itaupitisha, na simu nyingi za bei ya chini wameufunga. Na hata penye ruhusa, mara nyingi ni kwa kamera kubwa ya nyuma tu. Ile ya kuchukua eneo pana na ile ya selfi zinabaki nje.

Ukipiga picha yako ya kwanza utaiona imefifia, haina mvuto, pengine galari haitaki hata kuifungua. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Faili lina mkia wa .dng, na linasubiri mkono wako.

Kwenye upigaji, jambo kubwa kuliko yote ni kulinda weupe. Mtu akikwambia RAW inaokoa kila kitu, usimsikilize. Kitone kikishajaa mwanga kimejaa, hakibaki na kumbukumbu yoyote ya mikunjo ya ile kanzu, na hakuna programu itakayoirudisha. Giza linavumilia zaidi. Kwa hiyo ukiwa na kanzu nyeupe au shela juani, shusha EV, ile sehemu ya kuongeza na kupunguza mwanga wa picha, ifike −0.7 au −1, na piga hata kama uso unaonekana umezama kwenye kioo, utauinua nyumbani. Usishushe kupita hapo bila sababu, maana kitambuzi cha simu ni kidogo, na giza lililoinuliwa mno linatoka na chembechembe za kijani na zambarau.

ISO, yaani wepesi wa kitambuzi kwa mwanga, mchana iache 100 au karibu na hapo. Mtu aliyesimama, shata, yaani kasi ya kamera kufunga, isiwe polepole kuliko 1/125. Anayecheza ngoma mpe 1/500 au kasi zaidi. Tundu la lenzi kwenye simu nyingi halibadiliki, usilihangaikie.

Ila afadhali kuliko mipangilio yote ni kumsogeza mtu. Msimamishe pembeni mwa kivuli cha mwembe au mkorosho, uso ukitazama nje kwenye anga wazi. Macho yanafunguka, ngozi inapata mng'ao wake. Hapo jihadhari na mambo mawili yanayowasumbua wengi bila kujua: majani yanamwaga ukijani kichwani, na ardhi yenu nyekundu inarusha wekundu kutoka chini mpaka kidevuni. Dawa yake ni karatasi nyeupe. Katika picha ya kwanza ya kila mahali unapohamia, mwombe mtu aishike karatasi karibu na uso. Picha hiyo humpi mteja, ni ya kipimo chako. Usipimie kanzu, kwani kanzu nyingine zina umaziwa na nyingine zimetiwa buluu.

Kama unataka uwanja wa mazoezi, nenda kwa mama anayebangua korosho nyumbani. Omba ruhusa, kaa naye chini, mwache aendelee na kazi. Tazama mkono wake kwa karibu. Mafuta ya ganda yameingia kwenye mistari ya vidole na pembeni mwa kucha, weusi wa kahawia usiotoka kwa sabuni; ncha ya kidole gumba imebabuka ikapona, ngozi imekuwa ngumu na inang'aa. Katikati ya vidole hivyo ameshika punje moja nyeupe, kavu, yenye unga kidogo. Giza kabisa na nyeupe kabisa, ndani ya nafasi ya sentimeta mbili. Piga kwa kamera ya kawaida, halafu piga RAW ukiwa umeshusha EV. Kwenye ya kwanza simu italainisha ule mkono uonekane wa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi, na punje itabaki doa jeupe. Kwenye RAW, ukishaifanyia kazi, unaihesabu mistari ya vidole na unauona mfereji wa punje. Ule mkono ndio uliosomesha watoto, jamani. Hakuna simu yenye haki ya kuufuta.

Kuifanyia kazi si kugumu. Snapseed ni ya bure, na ukiipa faili la DNG inalifungua moja kwa moja kwenye sehemu yake ya kulichakata. Anza na rangi: tumia ile alama ya bomba la kudondoshea dawa, gusa karatasi nyeupe kwenye picha ya kipimo, uone namba zilizopatikana, uzitumie kwenye picha nyingine za mahali hapo. Kisha shusha weupe mpaka mikunjo ya kanzu itokee. Kisha inua kivuli polepole, ukiutazama uso tu, na usimame kabla chembechembe hazijaanza kucheza. Ongeza ukali wa giza na mwanga kidogo ili picha isikae kama ina ukungu. Hapo umemaliza. Wengi mnaharibu baada ya hapo, kwa kuongeza rangi na kunoa mpaka uso unakuwa wa plastiki, na hapo hapo mmerudi kule simu ilikokuwa inawapeleka.

Mwanga wa kioo chako uweke katikati unapofanya kazi hii. Ukihariri usiku na kioo kimewaka chote, picha ikifika steshenari kwenye printa inatoka giza, na mteja atakulaumu wewe. Na kabla hujatoa picha nyingi, mwonyeshe picha moja mtu anayemjua vizuri mhusika. Mama au shangazi yake hahitaji kujua biti ni nini kukwambia, "Mwanangu mweusi zaidi ya hapa, na ana wekundu kwa ndani." Sikiliza, rudi, rekebisha.

RAW si ya kila wakati. Usiku kwenye ngoma, taa moja na vumbi, kamera ya kawaida inakushinda wewe na RAW yako, kwa sababu inapiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha ili kuua chembechembe, wakati RAW ya kawaida ni picha moja tu. Tumia ile ya usiku bila aibu. Vivyo hivyo ukiwa Uwanja wa Majaliwa unaitazama timu ya Namungo: RAW inachukua muda kuhifadhiwa, na goli halitakusubiri. Na picha ya kurusha statasi, ya nini kuisumbulia.

Jambo jingine ni nafasi. Simu ya megapikseli 12 inatoa DNG isiyobanwa ya kama MB 24 kwa picha moja. Zile za megapikseli 50 mara nyingi huunganisha vitone vinne kuwa kimoja, kwa hiyo RAW yake nayo hucheza hapo hapo kwenye megapikseli 12 na ushei. Yaani GB 1 ni picha 40 hivi, na harusi ya picha 200 inakula karibu GB 5. Kabla hujatoka nyumbani futa video za magrupu, beba memori kadi na chaji ya akiba. Piga RAW pale penye maana: maharusi, wazazi, wazee, mikono, nyuso. Watu wakila pilau, JPEG inatosha. Ukitaka kumtumia mwenzako faili la RAW kwa WhatsApp, litume kama dokumenti. Na tafadhali, ukihamishia picha kwenye kompyuta ya steshenari, simama hapo mpaka zifutwe. Sura za watu ulizoaminiwa usiziache kwa mtu usiyemjua.

Zitunze RAW zako hata baada ya kulipwa. Mteja anapewa JPEG zilizokamilika, zile ghafi zinabaki kwako. Siku ukiiona picha yako kwenye bango la mtu aliyeichukua mtandaoni, yeye ana JPEG iliyobanwa na wewe una faili la mwanzo, na hiyo ni hoja nzito mkononi. Picha zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, na ofisi inayohusika ni COSOTA. Na bei yako ihesabu saa za kuhariri. Mwambie mteja mapema kwamba picha zitakuwa tayari baada ya siku kadhaa, kwa nini, na atapata ngapi. Wanaokubali ni wengi kuliko mnavyodhani, mradi uwaonyeshe kazi moja iliyokamilika na ile ya simu kando yake.

Kuhusu unyago nitasema kama dada, na sitalainisha. Kilichomo ndani si cha kamera, iwe RAW iwe nini, hata kama kungwi ni shangazi yako na mlango uko wazi. Piga siku ya kutoka, hadharani, kwa ruhusa ya mama yake na ya mwali mwenyewe. Na kwa kuwa wengi wao bado ni watoto, picha mkabidhi mzazi mkononi. Usizirushe mtandaoni kutafuta wafuasi.

Narudi kwa wale wa simu ya mkopo. Ukishaijaribu ya zamani ukakuta kweli mlango umefungwa, na hela ipo, basi usinunue kwa namba ya megapikseli iliyoandikwa kwenye boksi, haikwambii lolote juu ya RAW. Nenda dukani na bando lako. Mwombe muuzaji akuruhusu kuweka Open Camera kwenye simu ya maonyesho, washa Camera2, angalia kama RAW inatokea, piga picha moja ukielekea mlangoni, pale penye giza la ndani na jua la nje, uifungue hapo hapo. Muuzaji akikataa, duka la pili haliko mbali. Na waliokwisha kupata picha zao za kwanza, nileteeni mbili mbili, ya simu na ya kwenu, niwaambie mmoja mmoja wapi pa kushusha na wapi pa kuinua.